Ukurasa wa Jiwe

Kazi yangu ya kwanza ya kujitolea niliiharibu kwa pasi ya mkaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, binti wa nyumba ya washona kofia hapa Tabora mjini, na miaka yenyewe ilikuwa ile ya Ujamaa, wakati kila mtu alijitolea kwa jambo fulani. Wengine walichimba misingi ya zahanati, wengine waliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mimi kuchimba sikuweza, na subira ya kufundisha sikuwa nayo. Hasira zangu ziko karibu. Mtu mzima akikosea herufi moja mara tatu nitamtupia neno ambalo kesho yake nitalijutia. Basi siku moja mwalimu wa shule ya wasioona alipita mtaani kwetu akitafuta watu wa kuandika vitabu vya breli kwa mkono, na mama akanisukuma mbele.

"Mchukue huyu," alisema. "Ana mkono mwepesi, na huko hatapata mtu wa kugombana naye."

Shule ilikuwa na wanafunzi wengi na vitabu vichache mno. Kitabu chochote walichosoma watoto wanaoona kilibidi kiandikwe upya, ukurasa kwa ukurasa, kwa nukta nundu zinazosomwa kwa vidole. Mashine za kuandikia zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mbovu. Sisi wa kujitolea tulipewa kila mtu kibao cha chuma chenye safu za vijidirisha, na msumari butu wenye kishikio cha mti. Unabana karatasi nzito kwenye kibao, unadunga nukta mojamoja kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu ukiigeuza karatasi nundu zinatokea upande wa pili, na hapo zinasomeka kutoka kushoto kwenda kulia kama maandishi mengine.

Hapo ndipo makarani na walimu waliokuja kujitolea walipoanza kutoka jasho. Kuandika kinyumenyume kuliwavuruga vichwa. Sisi wanawake wa mjini tuliopitia chuo cha Kurani tulikuwa tumezoea tangu utotoni kuanzia kulia, hatukuona ajabu. Na kofia zetu ni kazi ya kutoboa hiyohiyo: tundu dogo, uzi ukalizunguka, tundu jingine, siku nzima, wiki nzima. Nilijiona bingwa kabla sijamaliza juma.

Kurasa zangu arobaini za kwanza zilikuwa zimejikunja pembeni. Kwetu kazi haimwendei mwenyewe bila kufuliwa, kutiwa wanga na kupigwa pasi. Wanga sikutia, namshukuru Mungu. Pasi nilipiga, mbele na nyuma, kwa upole, nikazifunga kurasa zangu kwenye kitambaa cheupe na kuzipeleka kwa mkaguzi nikiwa na mikogo yote.

Mkaguzi alikuwa mwalimu wa makamo, kipofu, mzaliwa wa Tura, kule kijiji cha stesheni mashariki ya Tabora. Surua ilimchukua macho kabla hajaanza kung'oa meno ya utoto. Kila ukurasa wa watu wa kujitolea ulipita chini ya vidole vyake kabla ya kufungwa kuwa kitabu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaweka viganja vyake juu ya ukurasa wangu wa kwanza, akavipeleka kulia, akavirudisha.

"Binti, hapa umeandika nini?"

"Sura ya kwanza, Mwalimu."

"Mimi nimeshika karatasi tu." Akaiinua hadi puani. "Na inanuka mkaa."

Alipoelewa nilichokifanya alicheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kuliko huzuni, maana nundu zote za wiki tatu nilikuwa nimezilaza mwenyewe kwa mkono wangu.

Kesho yake nilirudi, na nadhani ni kule kurudi kulikomfanya anikalishe chini anifundishe masharti kwa utaratibu. Mikono iwe mikavu, isiwe na mafuta wala unga. Ukurasa wenye makosa zaidi ya mawili unarudiwa wote. Nukta iliyokosewa unaweza kuisugua kwa ukucha mara moja tu, ukisugua mara mbili unaacha kovu na kidole kitakwama pale. Namba ya ukurasa wa kitabu cha wino iandikwe pembeni, ili mtu asiyeona aweze kufika mahali palepale anapofika mwenzake anayeona. Picha ielezwe kwa maneno machache, na kama picha ni mbaya hilo si juu yako kulisema. Na lililokuwa kubwa kuliko yote: usiongeze, usipunguze. Kitabu kikikosea, andika kosa lake. Karani mmoja mstaafu, mtu mwenye heshima zake, aliambiwa ahsante aende nyumbani kwa sababu alikuwa akisahihisha Kiswahili cha waandishi.

"Hawa watoto," aliniambia, "maisha yao yote wanasimuliwa na watu walioona. Mmoja anaongeza, mwingine anapunguza. Kwenye kitabu tu ndipo wanapoweza kukuta kitu chenyewe."

Nilimwitikia ndiyo, Mwalimu. Nilidhani nimeelewa.

Kila Jumamosi asubuhi tulikabidhi kazi, na ndipo nilipomzoea binti mmoja wa darasa la sita, wa kutoka Bukene, ambaye aliruhusiwa kukaa nasi na kusoma kurasa zilizokwisha kupita. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mkaguzi mwenyewe. Alinisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, dada," na nikimjibu kwa Kiswahili alikataa kukaa mpaka nijibu inavyopasa. Nyumbani tulikuwa watu wa mjini, Kinyamwezi changu kilikuwa cha sokoni, na yeye alifurahi kunicheka. Ukimpa rundo la kurasa zilizochanganyika alizitenga moja baada ya nyingine: hii ya mama fulani, hii ya yule mwalimu anayechoka mapema, hii ya dada.

"Unajuaje?"

"Nukta zako zina maringo. Zinasimama wima."

Nilimpenda mtoto yule. Mimi ni mtoto wa pekee kwa mama yangu, sikuwahi kuwa na mdogo wa kusuka nywele wala kugombania godoro, na sioni sababu ya kuzungukazunguka: kila nukta niliyodunga mwaka ule nilikuwa nikiona kidole chake kikiipita.

Kisha nikapewa kitabu cha hadithi ambacho darasa lake lilitakiwa kukisoma muhula uliofuata. Ilikuwa habari ya kijana anayeacha kwao na kupanda treni kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nilikipenda. Niliandika nusu ya kitabu kwa raha, mpaka nikafika mahali treni inaposimama stesheni, na kipofu mmoja anapita chini ya madirisha akiomba chakula. Vijana ndani ya behewa wanafunga jiwe kwenye karatasi na kumpa, wanamwambia ni andazi. Yeye anawaombea dua ndefu, analipeleka mdomoni, analiuma, jino linavunjika. Stesheni nzima inacheka. Kijana wetu naye anacheka, treni inaondoka, na mwandishi anaendelea na habari zake za mkonge kama kwamba hakuna kilichotokea. Kurasa mbili, basi.

Niliweka msumari chini. Kichwani nilimwona yule binti wa Bukene amekaa kwenye benchi lake, mgongo umenyooka, vidole vinakimbia, vinaingia ndani ya kurasa zile bila kujua. Nikasema hapana. Si kwa mkono wangu. Mwandishi mwenye roho mbaya aandike atakavyo, lakini mtoto huyu hataumia kwa nukta nilizozidunga mimi.

Basi nilizitoa kurasa zile mbili. Na kwa kuwa najua kazi, nilizitandaza kurasa za kabla yake na za baada yake, nikaacha nafasi hapa, nikaanza aya mpya pale, ili namba za pembeni zifuatane na pengo lisijulikane. Sitaki kusingizia bahati mbaya. Nilifanya kwa makusudi na kwa ustadi, na moyoni nilijisifu kuwa nimetenda wema.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa mkaguzi aliniita. Alikuwa peke yake chumbani, rundo la kurasa zangu mbele yake, kiganja kimoja kimetulia juu ya ukurasa ulio wazi.

"Huku mbele kijana anaota ndoto," alisema. "Anaota 'lile jiwe la stesheni.' Nimerudi nyuma mara tatu kulitafuta. Liko wapi jiwe hilo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: nimeruka, Mwalimu, kurasa ziligandana. Sijui kwa nini sikuusema. Labda ni kwa sababu mtu asiyeona alikuwa ameuelekeza uso wake kwangu na kungoja, wala hakuonyesha kuwa na haraka. Nikamwambia yote. Nikamwambia na sababu, tena kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa: kwamba ni ukurasa wa matusi, kwamba watoto watalia, kwamba kama masharti yanataka watoto walizwe basi masharti hayana moyo.

"Umekuja na kitabu cha wino?"

"Ninacho."

"Nisomee."

"Mwalimu, naomba nisisome."

"Soma, binti."

Nimewahi kusoma mbele ya watu, nimesoma hata kwenye maulidi, lakini sijawahi kusoma kitu kilichokuwa kizito kinywani kama kurasa zile mbili. Nilimsomea kipofu namna kipofu mwenzake alivyopewa jiwe. Nilipofika kwenye kicheko cha stesheni nilipunguza sauti, naye akainua kidole, nikairudisha juu. Nilipomaliza hakuniruhusu nikifunge kitabu.

"Rudia pale anapolipokea."

Nikarudia. Anapokea, anaomba dua, anauma.

"Huyu mwandishi," alisema hatimaye, "hajawahi kukaa na kipofu hata saa moja." Sauti yake haikuwa na maumivu niliyoyangoja, ilikuwa sauti ya fundi aliyeonyeshwa mshono mbovu. "Jiwe ni zito. Ni baridi. Andazi linalowesha karatasi kwa mafuta, na harufu yake inafika kabla ya mkono. Mimi nimekulia Tura, nimeuza karanga kwenye madirisha ya treni tangu nikiwa mdogo. Walinijaribu kwa kila kitu wale wasafiri. Hakuna aliyefanikiwa kunifanya nitie mdomoni kitu nisichokijua. Anayekula bila kuangalia ni ninyi wenye macho."

Akasukuma rundo la kurasa kuelekea upande wangu.

"Sasa sikiliza. Wewe ulisoma hapa ukaona aibu yetu, ukaifunika. Ungetuachia, sisi tungesoma tukaona ujinga wake. Na mtu huyu ataendelea kuandika hivi mpaka lini, kama wanaoweza kumwambia amekosea ndio wanaofichwa?"

Hapo ndipo niliposhikwa na haya, na si kwa sababu ya sharti nililolivunja. Niliona haya kwa sababu niliiamini hadithi ile. Nilikuwa nimekaa na watu wale karibu mwaka mzima, nimemwona mtoto wa Bukene akitambua mkono wa mtu kwa nukta, nimemwona mkaguzi akinusa pasi yangu kwenye karatasi, na bado niliposoma kuwa kipofu ameuma jiwe sikujiuliza hata kidogo. Nilisikitika tu. Nilimhurumia mtu ambaye hawezi kuwepo.

"Karani nilimwondoa kwa ajili ya herufi," alisema mkaguzi. "Wewe umeondoa mtu mzima kutoka kitabuni, na namba ukazipanga ili nisijue. Nikikuacha, nitawaambia nini wengine? Kaandike sehemu yote upya, kama ilivyo. Kitabu kisipokuwa tayari shule ikifunguliwa, darasa lile litakaa na mikono mitupu, na wewe hutarudi hapa. Kikiwa tayari, nitafikiri."

Nilikuwa na wiki mbili, na karatasi nzito hakuna. Zilizobaki zilikuwa zimeshagawiwa, na mzigo mwingine ulisemekana uko njiani, neno ambalo miaka ile lilikuwa na maana pana sana. Kurasa zilizohitaji kusogezwa niliziandika kwenye vipande nilivyokuwa nimebakiza. Kwa zile mbili za jiwe nilipita maduka ya mjini nikiomba kalenda za mwaka uliopita, zile kubwa za karatasi ngumu, nikazikata kwa mkasi wa kofia. Mama alinitazama nikidunga kutoka asubuhi hadi adhuhuri na hakuuliza, na kwa mama yangu kutouliza ni huruma kubwa. Kofia za watu zilichelewa. Mwenye kofia mmoja alifika kufoka, mama akatoka mlangoni kumkabili, na kufoka kukaisha.

Kurasa za jiwe niliziandika mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliharakisha na nukta zikawa na kina tofauti. Mara ya pili nilizisoma kwa vidole, macho nimefumba, polepole mno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilitaka kujua mwenyewe zinavyofika.

Mkaguzi alipitia sehemu yote siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Nilisimama mlangoni muda wote. Alipofika kwenye kalenda vidole vilisita, vikaipapasa pembe ya karatasi, vikaendelea. Alisoma hadi mwisho, akazigonga kurasa mezani zikalingana.

"Zikafungwe," alisema. Kisha akavuta mtoto wa meza na kunipa kitabu kingine cha wino, cha kilimo cha pamba. "Hiki nacho ni kibaya. Kiandike hivyohivyo."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka nilikikumbatia kitabu cha pamba njia nzima.

Darasa lilipofika kwenye kurasa za stesheni mwalimu wao, naye asiyeona, aliniruhusu nikae nyuma. Nilikwenda nimejiandaa kwa machozi, leso mbili kwenye mkoba. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakifuata kwa vidole kwenye nakala yangu na nyingine chache ambazo wenzangu wa kujitolea walikuwa wamezinakili kwa taabu, watatu kwa kitabu kimoja. Alipofika pale pa kuuma, vidole vya darasa zima vilirudi nyuma kusoma tena. Halafu mtu mmoja upande wa dirishani akasema, "Jiwe?" kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu, na kelele ikaanza. Mmoja aliuliza kama huyo kipofu pua yake ilikuwa imeibiwa. Mwingine alisema kama dua ilikuwa ndefu vile, mkono ulikuwa unafanya nini muda wote ule. Walicheka hadi mwalimu akagonga meza. Na baada ya kicheko wakakasirika, hasira safi, kama zangu, na wakaamua kumwandikia mwandishi barua kupitia kwa wachapishaji wake huko Dar es Salaam.

Binti wa Bukene ndiye aliyechaguliwa kuiandika. Na kwa kuwa mwandishi hakuwa mtu wa kusoma nukta, waliomba barua hiyo niihamishe mimi, kutoka breli kwenda wino.

Niliichukua nyumbani, nikaketi barazani mchana, nikaisoma kwanza kwa macho kama tunavyofanya sisi. Ilikuwa barua ya adabu. Ilianza kwa salamu na kuulizia hali ya mwandishi na watu wa nyumbani kwake. Ilimweleza uzito wa jiwe na harufu ya andazi, kwa utulivu, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Ilimsifu kwa sura za mkonge. Ilimwomba, akiandika kitabu kingine chenye kipofu, aje Tabora kwanza, wao wapo.

Kisha nikakuta mistari hii, karibu na mwisho:

"Ukurasa huu wa jiwe ulitufikia kwenye karatasi ya kalenda, na kurasa nyingine zote ni za karatasi ya shule. Mkono ni wa dada yetu anayetuandikia. Kwa hiyo mimi najua aliutoa kwanza, akaurudisha baadaye. Alidhani tutalia. Hatukulia. Tafadhali mwambie na wewe asituhurumie tena, maana sisi tukimwambia hatasikia, anatupenda mno."

Nilikaa na barua ile mapajani mpaka kivuli cha ukuta kikahama. Wote walioiandika, na mwalimu aliyewaruhusu, na mkaguzi mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma wino. Kazi zangu zote zilipita chini ya vidole vya mtu. Hii ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye bahasha. Ningeiacha mistari ile na barua ingebaki nzuri, na hakuna ambaye angejua kamwe.

Nilijipangusa uso kwa ncha ya khanga, nikachukua kalamu, na nikaiandika yote, hadi mahali aliposema ninawapenda mno.